Kobe wa magazeti na gundi ya uji: namna ya kufanya na watoto wa awali bila darasa kugeuka vurugu

Kila muhula ukianza maswali ya walimu kuhusu hawa wanyama wa kubandika magazeti tabaka juu ya tabaka ni yaleyale. Gundi gani inafaa, watoto wa miaka mitano wataweza kweli, mbona wangu waliota ukungu, rangi ninunue ipi. Kujibu mmoja mmoja kunachosha kwa hiyo naweka yote hapa, soma mpaka chini kabla hujatoa hata shilingi mfukoni, maana walimu wengi wanakimbilia stationery kununua makopo ya gundi wakati kinachohitajika kiko jikoni kwako na kwa muuza magazeti.

Kitu kimoja nakisema mapema ili kisikupite: hii kazi haiharibikii kwenye kubandika, inaharibikia kwenye kukauka. Kubandika watoto wanaweza, tena wanapenda kupita kiasi. Lakini mnyama akibandikwa tabaka sita siku moja akawekwa kabatini Ijumaa, Jumatatu unakuta ananuka na ana manyoya ya kijani. Kwa hiyo mwongozo wote huu umepangwa kufuata jua, sio kufuata kipindi.

Kwanza mnyama gani

Anza na kobe. Najua unataka twiga, kila mtu anataka twiga, lakini shingo ya twiga inahitaji waya na uvumilivu ambao mtoto wa awali hana, mwisho utajikuta unatengeneza wewe twiga arobaini usiku nyumbani. Kobe ni gamba tu na kichwa na miguu minne, halafu hata akitoka amepinda bado ni kobe.

Miongozo mingi ya Wazungu inaanza na nguruwe wa kuwekea akiba. Huku kwetu mwache, hasa kama uko pwani ambako nusu ya darasa au zaidi ni watoto wa Kiislamu, utarudishiwa kazi na barua ya mzazi juu. Bundi naye anapendeza sana kumtengeneza ila kuna nyumba hataingia, mtoto atatupiwa kazi yake nje analia. Kobe hana ugomvi na mtu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Hesabu hii ni ya watoto 40, wewe punguza au ongeza.

- Vifuu vya nazi 40, yaani nusu nusu, zilizokwishakunwa. Hivi ndo kalibu yetu, yaani umbo tunalobandikia juu yake. Ongea na mama anayeuza wali wa nazi au maandazi wiki moja kabla, atakuwekea bure. Bara kusiko na nazi tumia vibakuli vidogo vya plastiki.
- Magazeti ya zamani. Gazeti moja la kurasa 32 linatosha watoto watano hivi. Chukua zaidi, yanachanwa hovyo.
- Karatasi nyeupe nyepesi, daftari lililokwisha au la msingi lisilotumika tena.
- Unga wa ngano kilo 1 kwa kazi nzima. Wa muhogo nao unafaa sana, unatoa gundi inayong'aa.
- Karafuu vijiko viwili, zilizosagwa.
- Mafuta ya mgando, kopo dogo.
- Trei za mayai zile za karatasi, sio za plastiki, kama sita.
- Tepu ya karatasi, ile mafundi rangi wanabandika pembeni ya dirisha. Solotepu ya kung'aa usitumie, gundi ya uji haishiki juu yake.
- Vikombe au makopo ya kukalishia kobe wakikauka, mabakuli ya gundi kama nane, ndoo ya maji, sabuni, matambara.
- Rangi ya maji ya ukutani, nyeupe. Muulize fundi yeyote anayemalizia nyumba, mabaki hayakosekani.
- Mashati makubwa ya zamani, watoto wavae kinyumenyume, vifungo mgongoni.

Usichukue magazine zile za karatasi za kuteleza, hazinywi gundi. Mifuko ya saruji pia acha, najua karatasi yake ni imara na iko kila mahali, ila vumbi la saruji linachoma ngozi na macho na hawa ni watoto.

Na hili la unga. Kuna shule watoto wanakuja hawajanywa chai. Ukipika uji mbele yao halafu ukasema huu sio wa kunywa, sio vizuri, na mzazi akisikia atakuwa na haki ya kukasirika. Pika nyumbani au jikoni kwa mpishi kabla hawajafika, njoo nayo imepoa ikiwa na karafuu ndani, iite gundi tangu mwanzo. Kama shule ina uji wa asubuhi, wanywe kwanza ndo muanze kazi.

Hatua

1. Panga wiki, sio kipindi. Jumatatu kuchana na tabaka mbili za kwanza, Jumatano tabaka mbili nyingine, Ijumaa kutoa kwenye kifuu na kuweka kichwa na miguu, wiki inayofuata rangi. Siku za katikati ni za jua. Masika ongeza siku, au kama unaweza sogeza kazi yote mpaka mvua ziishe, nasema kweli, mwezi wa nne Dar au Tanga utahangaika bure.

2. Andaa vifuu. Kwangua nyuzi za makumbi zilizobaki nje, piga ukingo msasa ule ukali uishe, hii kazi ya mtu mzima. Halafu paka mafuta ya mgando nje ya kifuu chote mpaka ukingoni. Ukisahau kupaka kobe hatatoka, utampasua. Andika jina la mtoto kwa maka pen kwa ndani ya kifuu, tena sasa hivi, kwa sababu kobe 40 waliokauka wote wanafanana na kila mtoto atasema ule mzuri ndo wake.

3. Chaneni magazeti. Kuchana, sio kukata na mkasi. Ukingo uliochanwa unakuwa mwembamba unalala vizuri, uliokatwa unabaki umesimama na utauona hata ukipaka rangi. Gazeti lina upande wake: chana kutoka juu kwenda chini linatoka mstari mnyoofu, jaribu kwa kulala linakwenda linakotaka lenyewe. Waonyeshe watoto pande zote mbili, watashangaa na watataka kujaribu magazeti yote, hapo umeshapata dakika ishirini za utulivu. Upana vidole viwili vya mtoto, urefu kama kiganja chake. Ukitoa vipande vikubwa vitakunjamana kwenye mviringo.

Tenga mafungu mawili: kurasa za rangi huku, kurasa nyeusi na nyeupe kule. Sababu utaiona hatua ya 6.

4. Pika gundi. Kikombe 1 cha unga, koroga na kikombe 1 cha maji ya baridi mpaka mabonge yaishe kabisa. Pembeni chemsha maji vikombe 4. Yakichemka mimina ule mchanganyiko taratibu huku unakoroga, punguza moto, endelea kukoroga dakika tatu nne mpaka ule weupe wa unga upungue na iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Epua, tia karafuu robo kijiko, iache ipoe. Juu itatengeneza utando, uondoe, la sivyo watoto watauvua na kucheza nao. Kipimo hiki ni zaidi ya lita moja, kwa darasa la 40 pika mara mbili na nusu kwa siku.

Unga mbichi uliokorogwa na maji bila kupikwa nao unashika, wapo wanaoutumia, ila ni dhaifu na unachacha haraka zaidi. Pika tu. Na pika ya siku hiyohiyo, kwa joto letu gundi ya jana ina harufu hata ukiifunika.

Chumvi je? Wengi wanashauri chumvi kuzuia ukungu. Dodoma sawa, hewa ni kavu. Pwani chumvi inavuta unyevu wa hewani, kobe anabaki na ubichibichi siku zote, ndo maana nakwambia karafuu. Kuna watu wanatia mrututu au dawa ya mende kwenye gundi ili wadudu wasile. MARUFUKU kwenye kazi ya watoto. Vidole vinaingia mdomoni, hata usimamie vipi.

5. Tabaka la kwanza kwa maji tu. Geuza kifuu, mdomo chini, kikalishe juu ya kikombe ili ukingo usiguse meza. Vipande vya kwanza vichovye kwenye maji matupu, bila gundi, funika kifuu chote. Maji na yale mafuta ndo vitakusaidia siku ya kutoa.

6. Sasa gundi. Wafundishe mambo manne na wayaimbe, tunga wimbo wowote: chovya, kamua, bandika, lainisha. Pale kwenye kamua ndo penye kesi. Mtoto anachovya mpaka kiwiko, anabandika kipande kinatiririka, anaona ndo kimeshika zaidi. Mwonyeshe kupitisha kipande katikati ya vidole viwili juu ya bakuli, gundi ya ziada irudi. Kikidondosha tone akikinyanyua, bado hajakamua.

Baada ya lile la maji, tabaka hili liwe la kurasa nyeusi na nyeupe, Jumatano la kwanza liwe la rangi na linalofuata nyeusi na nyeupe tena. Mtoto anaangalia mwenyewe: nikiona rangi popote bado sijamaliza. Bila hivyo kila mmoja atajaza juu kabisa kwa sababu ndo panafikika, pembeni pabaki kifuu tupu, na utaitwa ticha ticha nimemaliza mara mia.

Vipande vipandane kidogo na vikatizane, kimoja hivi kingine hivi. Visivuke ukingo kuingia ndani ya kifuu.

Usiwaweke wote 40 kwenye gundi kwa pamoja. Nane tu kwenye gundi, wengine wanachana, wanachora kobe wao, wako nje na mwalimu msaidizi kama unaye. Kama huna msaidizi weka meza ya gundi mlangoni na ndoo ya kunawa hapohapo nje, anayemaliza ananawa ndo anaingia. Tabaka mbili kwa siku, basi, hata wakilia.

7. Kausha. Toa nje mahali penye upepo, kila kobe juu ya kikombe chake. Jua la asubuhi zuri. Saa tisa geuza walio kivulini, jioni ingiza ndani wote, umande ukiwakuta usiku umerudi mwanzo. Weka mbali na mbuzi na kuku, sitanii, mbuzi anakula gazeti lenye unga kwa furaha kabisa. Na usiwaweke karibu na jiko la mkaa ili wawahi, wanajikunja, na ni karatasi ile, inawaka.

Kujua kama amekauka usimwangalie kwa macho. Mguse na shavu. Akiwa na ubaridi bado ana maji ndani hata kama juu anaonekana mkavu. Asiyekuwa na ubaridi na ukimgonga kwa ukucha anatoa mlio mkavu, huyo tayari. Usianze tabaka jipya juu ya mbichi, hili ndo kosa la kwanza kwa wote wanaoanza.

8. Tabaka za pili na ile nyeupe. Jumatano rudia kama hatua ya 6. Siku ya mwisho ya kubandika, ile ya kichwa na miguu, ndo unamalizia na tabaka moja la karatasi nyeupe la daftari, hii itakuokolea rangi nyingi sana maana maandishi ya gazeti ni magumu kuyafunika.

9. Toa kwenye kifuu. Bonyeza ukingo kwa kidole gumba kuzunguka pole pole mpaka usikie ameachia, halafu zungusha kama unafungua kopo. Ukiona anagoma pitisha kisu butu ukingoni, wewe sio mtoto. Ukingo utakuwa na vipande vipande, unyooshe na mkasi, kisha watoto waufunge kwa vipande vidogo vya karatasi nusu nje nusu ndani. Wakitoka tu waache wapigwe na hewa kwa ndani saa kadhaa, kule ndani mara nyingi kumebaki na unyevu.

10. Kichwa na miguu. Miguu ni vile vikombe vya trei ya mayai, kata vinne kwa kila mtoto, vifupi. Kichwa ni gazeti limekunjwakunjwa kuwa donge lenye mkia mrefu kidogo, ule mkia unaingia chini ya gamba na kubanwa na tepu. Hapa mtoto anahitaji mikono minne kwa hiyo wafanye wawili wawili, mmoja anashika mwingine anabandika, halafu wanabadilishana.

Tepu peke yake haitoshi. Juu ya kila kiungo weka vipande vya gundi, nusu kiwe juu ya shingo nusu juu ya gamba, na vikatizane msalaba. Vichwa vinavyodondoka vyote nilivyowahi kuona vilibandikwa kwa kuzungushwa tu shingoni. Kausha tena mpaka shavu liseme ndio, viungo vinachelewa kuliko gamba.

11. Rangi. Kwanza nyeupe kobe mzima, mpako mmoja tu. Ikikauka ndo wanapaka wanachotaka. Huna rangi za dukani? Mkaa uliosagwa na gundi kidogo ni nyeusi nzuri sana kwa mistari ya gamba, udongo mwekundu uliochungwa kwa chujio la chai unatoa kahawia, bizari ya manjano inatoa njano kali ila inafifia juani. Rangi ya mafuta usilete darasani, harufu yake na ile tina ya kuoshea brashi hazifai kwa watoto, na nyingine zina madini ya risasi.

Usiwachoree mistari ya gamba. Mlete kobe wa kweli kama yupo mtaani, au picha, waangalie lile gamba limegawanyikaje, halafu waache. Utapata kobe wa pinki wenye maua na ni sawa kabisa.

Ukitaka wadumu, wewe mwenyewe pitisha gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikikauka inakuwa kama plastiki na wadudu wanapungua.

Wakishazoea kobe

Kanga ndo anafuata, mwili wake ni puto na yale madoadoa meupe watoto wanayaweka kwa ncha ya kidole, hakuna asiyeweza. Puto pulizeni nyinyi watu wazima, vipande vya puto lililopasuka viokotwe papo hapo kwa sababu mtoto mdogo akimeza vinaziba koo. Usiache puto juani kali, hewa ndani inatanuka linapasuka na karatasi bado mbichi. Siku ya kulitoa kata kidogo karibu na fundo litoe hewa taratibu, ukilipasua kwa pini gamba linaweza kubonyea na watoto wanaruka. Kiboko ni chupa ya nusu lita na trei za mayai. Tembo ni chupa pia, mkonga waya, huyo ni wa darasa la pili tatu.

Ikigoma

*Ameota ukungu.* Kama ni madoa machache juu, futa kwa kitambaa chenye siki, rudisha juani siku nzima. Kama umeingia ndani na ananuka, tupa, usimpe mtoto, mwanzishie mwingine kimyakimya.

*Amebonyea juu.* Tabaka chache au ametolewa mbichi. Mrudishe kwenye kifuu, lowesha kidogo, ongeza tabaka mbili.

*Ana mikunjo na mapovu.* Vipande vikubwa mno au gundi nyingi. Pasua povu kwa wembe wewe mwenyewe, tia gundi, laza kipande kidogo juu. Au mwache tu, makobe yana mikunjo.

*Gundi imekuwa maji baada ya kupoa.* Haikuiva. Irudishe motoni. Ikiwa nzito mno ongeza maji ya moto, sio ya baridi.

*Panya na mende.* Wanafuata unga. Usiwahifadhi kwenye boksi sakafuni, funga kamba darasani waning'inie, au walinde kwa ile gundi ya seremala.

*Mtoto hataki kushika gundi.* Wapo, na sio ukaidi, ule utelezi unawakera kweli. Mpe brashi au kijiti chenye kitambaa, au awe mgawaji wa karatasi. Baada ya siku mbili wengi wanaingiza kidole wenyewe.

*Mtoto anaumwa na ngano.* Uliza wazazi mapema. Darasa zima litumie muhogo siku hizo, sio yeye peke yake.

*Ameila gundi.* Kama ni unga, maji na karafuu tu, hakuna shida, mnaweshe muendelee.

*Sinki la shule limeziba.* Gundi isimwagwe sinki wala chooni, inaganda kwenye bomba. Mwaga shambani kwenye migomba, na watoto wanawie kwenye ndoo.

*Nina watoto 90 na niko peke yangu.* Basi sahau kobe mmoja kwa kila mtoto. Omba boksi la TV au friji dukani, lijaze magazeti yaliyokunjwa, lifunge kwa tepu likae umbo la kiboko mmoja mkubwa, muweke kwenye baraza ambako mvua haifiki. Kila siku watoto kumi na nane wanabandika tabaka lao dakika ishirini, kila siku ana jua lake la kukauka, mpaka wiki iishe wote wamemgusa. Jina la kiboko wapige kura wenyewe.